Jumuiya Isiyohitimu



Mwezi wa tano mwaka jana, nikiwa mwaka wa pili, nilikaa kitandani bwenini nikipanga nyaraka za jumuiya yetu ya wanafunzi Waislamu ili nimkabidhi katibu mpya. Nikisema nyaraka naipamba tu habari. Kulikuwa na kaunta buku moja, risiti mbili za kukodi spika, na karatasi ya majina ya wageni wa mwaka wa kwanza tuliowapokea Novemba. Majina yalikuwa 43. Nikawa nayapitia moja moja, nikiweka tiki kwa wale ninaowaona msikitini au kwenye darsa. Nilipofika kwa dada mmoja nikasita. Sikukumbuka kumwona tangu Desemba.

Nikapiga namba yake. Akapokea, nikajitambulisha, nikamuuliza yuko bweni gani siku hizi.

"Kaka, mimi niko nyumbani," akasema. "Baba alifariki Januari. Nilichelewa kurudi, nikakosa testi mbili, na bumu lilikuwa limeishia kwenye nauli na msiba. Nikaahirisha mwaka."

Nikamuuliza, kwa nini hukutuambia? Akanyamaza kidogo, halafu akajibu kwa upole kabisa: "Ningemwambia nani? Siku ile mliandika namba yangu, lakini hamkuwahi kupiga."

Sikuwa na la kujibu. Namba ilikuwa kwenye daftari langu miezi saba. Katika miezi hiyo saba tulifanya darsa karibu kila wiki, tulichapisha fulana, tulialika mhadhiri kutoka Dar es Salaam, na picha zetu zilipendeza sana kwenye grupu. Nimeandika makala hii kwa sababu ya simu ile. Nataka tuulizane kitu kimoja: tufanye nini ili mwanafunzi Mwislamu anayefika hapa apate msaada wa kiroho unaodumu, asitegemee bahati ya kukuta uongozi mzuri mwaka huo?

Kwanza, msaada wa kiroho ni nini?

Wengi wetu tukisikia neno hilo tunafikiria mawaidha. Mawaidha ni sehemu, lakini hebu tuangalie maisha ya fasti yia kutoka Tanga au Mtwara anayeshuka kwenye basi hapa Iringa. Alikotoka adhana ilikuwa inamwamsha. Huku anaweza kupangiwa chumba mahali ambapo adhana haifiki. Juni na Julai baridi ya hapa anaijua aliyeishi hapa, maji ya udhu alfajiri yanakata vidole. Wenyeji wakarimu wanamkaribisha ulanzi ungali mtamu, yeye anadhani ni juisi. (Hilo limetokea, na mhusika ameniruhusu nicheke.)

Mtu huyu anahitaji vitu vinne. Anahitaji mahali na muda wa kuswali. Anahitaji wa kumuuliza anapokwama, iwe ni hukumu ya kukusanya swala siku ya mtihani au shaka iliyomwingia baada ya mhadhara wa falsafa. Anahitaji watu wa kuwa nao siku ya shida: msiba, ugonjwa, kula sapu, mkopo kuchelewa. Na kabla ya hivyo vyote anahitaji kujulikana, yaani awepo mtu mmoja ambaye asipomwona wiki nzima atauliza yuko wapi.

Sisi tulikuwa hodari kwenye kitu cha pili peke yake. Darsa zetu zilikuwa nzuri, ila aliyekosa darsa alikuwa amekosa kila kitu.

Kwa nini kila mara tunaanza upya

Shahada nyingi ni miaka mitatu. Mwaka wa kwanza mtu anashangaa, wa pili anaongoza, wa tatu yuko kwenye utafiti na UE. Kwa hiyo kiongozi ana kama miezi minane ya kufanya kazi kweli. Akiondoka anaondoka na simu yenye namba zote, na uadmini wa grupu, na mazoea na imamu wa mjini, na kumbukumbu ya kwamba sufuria zetu ziko kwa mama fulani Mshindo. Anayefuata anaanzia sifuri.

Kuna sababu nyingine ambazo hatupendi kuzisema. Fedha zinakaa kwenye simu ya mtu mmoja. Dada zetu wanakumbukwa wakati wa kupika futari, lakini kwenye shura wanaletewa maamuzi yaliyokwisha kukatwa. Na kuna mabishano yetu ya qunut na maulidi, ambayo kuna mwaka yaliwagawa watu hadi wageni wakaona bora wabaki vyumbani.

Mwaka huohuo wa pili nilikwenda nyumbani likizo nikiwa na mzigo huu kichwani. Mimi ni mtoto wa Kalenga. Kwa wasiopajua, ni kijiji kando ya Ruaha Mdogo, kama kilomita 15 kutoka mjini. Wengi wenu mmefika pale na ziara za chuo kuona makumbusho na fuvu la Mtwa Mkwawa, lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954.

Mnapewa pale habari ya ngome. Hata jina Iringa linatokana na lilinga, neno la Kihehe lenye maana ya ngome. Ukuta wa Kalenga ulijengwa kwa miaka, kwa mawe, na Wajerumani waliuvunja kwa mizinga Oktoba 1894. Lakini Mkwawa hakukamatwa. Aliendelea kupambana bila ngome karibu miaka minne, hadi Julai 19, 1898, alipojiua ili asiingie mikononi mwao. Miaka yote hiyo aliwezaje? Watu walimpa chakula, walimficha, walimletea habari. Nimelisikia simulizi hili tangu utotoni, lakini likizo ile ndipo lilipoingia akilini. Sisi tulikuwa tunahangaikia ukuta: chumba chenye bango, spika, siku ya kongamano. Hatukuwa na zile nyumba.

Nikaenda kumsalimia maalim aliyenifundisha alifu na bee.

"Shikamoo maalim."

"Marahaba mjukuu wangu. Chuo kinasemaje?"

Nikamsimulia yote, hadi la yule dada. Hakunilaumu. Akaniambia, "Madrasa hii imeshabadilisha walimu wanne. Watoto hata hawana habari. Wao wanachojua, Jumamosi saa mbili wakija watamkuta mtu, na asiyekuja atafuatwa kwao. Nyie huko chuoni, asiyekuja nani anamfuata?"

Waliotutangulia walifanyaje

Kusaidia wanafunzi walio mbali na kwao ni kazi ya zamani katika Uislamu, na yapo ya kujifunza.

Al-Azhar ya Cairo, iliyoanza kujengwa mwaka 970, kwa karne nyingi ilikuwa na kumbi za wanafunzi zilizoitwa riwaq, zikipangwa kwa kufuata watu walikotoka. Ilikuwepo ya Wajabarti, kwa vijana wa Pembe ya Afrika. Mgeni akifika alipokewa na watu wa lugha yake, na sehemu ya mkate wake ilitoka kwenye mali za wakfu. Aliyeweka wakfu alishakufa zamani, mkate ukaendelea kugawiwa.

Hapa kwetu pwani, Lamu, msikiti na madrasa ya Riyadha vilivyoanzishwa na Habib Swaleh zaidi ya miaka mia iliyopita bado vinafundisha, ingawa mwenyewe alifariki zamani. Kila mwaka maulidi ya pale huwarudisha waliosoma zamani, wakakutana na wanaosoma leo. Hata ukiwa na msimamo wako kuhusu maulidi, angalia faida hiyo: ipo siku inayojulikana ya wahitimu kurudi.

Mwaka 1963 wanafunzi wa Kiislamu kutoka nchi mbalimbali walikutana Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, wakaunda umoja wao wa Marekani na Kanada. Mwaka huohuo wenzao wa Uingereza waliunda wa kwao. Vyote vipo hadi leo. Kule Marekani waliohitimu hawakuachiwa wapotee; kutokana nao, miaka ya 1980, ikazaliwa jumuiya kubwa ya Waislamu wazima, iitwayo ISNA.

Na mji wetu wenyewe una historia. Mkutano uliozaa BAKWATA Desemba 1968 ulifanyika hapahapa Iringa. Kwa hiyo ukimwendea sheikh wa wilaya au wa mkoa kuomba ushirikiano huendi kuomba fadhila ya ajabu.

Tofauti yetu na wenzetu wa Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro ni kwamba wao wamelikuta jambo hili ndani ya chuo. Sisi wa Nyanda za Juu Kusini tunasoma vyuo vya serikali kama MUCE na MUST, au vya makanisa kama Chuo Kikuu cha Iringa, RUCU na TEKU. Vyuo hivi vimetupokea na vinatusomesha. Kuijenga jumuiya ni kazi yetu.

Tulichokifanya, hatua kwa hatua

Haya si maneno ya kitabuni. Tumeyajaribu mwaka mmoja, mengine yamekubali, mengine yanasuasua.

*1. Kila mgeni na mlezi wake.* Novemba iliyopita tuliandika wageni 51. Safari hii hatukuishia kuandika. Tuligawa majina kwa walezi tisa wa mwaka wa pili, kaka kwa kaka na dada kwa dada, kila mmoja watu watano au sita. Kazi ya mlezi ni kupiga simu au kumtembelea kila mmoja angalau mara moja kwa wiki mbili. Swali la kwanza lisiwe "mbona huji darsa?" Anauliza umekula, umeshasajili masomo, nyumbani hawajambo. Mtu akiulizwa hivyo mara tatu, ya nne anakuja msikitini mwenyewe.

*2. Makabidhiano kabla ya mitihani.* Zamani uongozi mpya ulichaguliwa wiki ya mwisho, watu wanafunga mabegi. Sasa unachaguliwa mwezi wa nne na kufanya kazi pamoja na wa zamani wiki sita. Tunakabidhiana kwa karatasi mbele ya mashahidi: fedha kiasi gani, vitu gani viko kwa nani, nani anadai, tumeahidi nini kwa nani. Jumuiya ina laini yake ya simu, haihitimu. Fedha ziko kwenye akaunti ya watia saini watatu, na mmoja wao ni mlezi wetu mtumishi wa chuo.

*3. Watu wa mjini wasiohitimu.* Tulikwenda kwenye misikiti ya mjini baada ya swala ya Ijumaa, tukaomba familia zitakazokubali kuwa wazazi wa wanafunzi. Hatukuomba hela. Tuliomba mlango. Familia 12 zilikubali. Mwanafunzi anakwenda kufuturu siku moja moja, akiugua kuna mama wa kumletea uji, na Sikukuu ya Idd hakai bwenini akila chipsi peke yake. Maalim wangu wa Kalenga naye amechukua vijana wawili. Wikiendi wanamsaidia kufundisha watoto, yeye anawasahihisha tajwidi.

*4. Wakfu mdogo.* Wakfu ni mali unayoifunga isiuzwe wala kurithiwa, watu wakafaidi matumizi yake. Tukisikia wakfu tunawaza majumba ya Zanzibar, lakini sufuria tatu kubwa, jiko la gesi, mikeka na misahafu ni mali pia. Kila anayehitimu tunamwomba aache kitu kimoja. Tunakiandika daftarini kwamba ni wakfu wa wanafunzi, na hakuna amiri mwenye ruhusa ya kukiuza hata jumuiya ikifilisika. Mwaka huu hatukukodi chombo chochote cha kupikia futari.

*5. Kalenda na barua za mapema.* Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku kama 11 kuliko kalenda ya kawaida. Ramadhani iliyoanza Machi 2024 itakuwa imerudi hadi mwishoni mwa Januari ifikapo 2028. Maana yake inatembea kwenye muhula: mwaka huu inakuta testi, mwaka mwingine inakuta mitihani yenyewe. Uongozi usiojua hili unashtukia wiki moja kabla. Sisi tunaandika barua Oktoba, kwa adabu, tukitaja tarehe zinazotarajiwa, muda wa futari, na ombi kwamba testi zisiwekwe Ijumaa saa saba mchana. Ibara ya 19 ya Katiba inalinda uhuru wa kuabudu, na ni vizuri kuijua. Ila uzoefu wangu ni kwamba barua ya Oktoba inafanya kazi kuliko malalamiko ya Machi. Mhadhiri mwenye ratiba mkononi mapema mara nyingi anasogeza saa bila ugomvi.

*6. Dada zetu.* Amirati sasa ana fungu lake la fedha na anaingia kwenye shura akiwa na kura. La kwanza aliloomba lilikuwa pazia, ndoo na mahali pa kuchukulia udhu pa wanawake. Ilitugharimu fedha kidogo kuliko fulana za mwaka uliotangulia. Wahudhuriaji wanawake waliongezeka mwezi uleule. Miaka yote tulikuwa tunasema hawana mwamko, kumbe hawana pa kutawadhia.

*7. Tofauti zetu.* Tulikubaliana kwamba jumuiya inashughulika na yale ambayo kila Mwislamu hapa anayahitaji: swala, futari, msiba, ugonjwa, masomo. Mwenye qunut aswali na qunut yake, asiyenayo aswali. Mijadala hiyo ina wanazuoni wake, na mgeni wa mwaka wa kwanza asifanywe uwanja wa mpira. Sitadanganya kwamba hili limetulia. Ndugu wawili watatu waliacha kuja. Tunaendelea kuwasalimia, na wakifiwa tutakwenda.

Mipaka yetu

Jambo moja walezi walilisisitiza baada ya muhula wa kwanza. Kuna mambo yanatuzidi. Mwenzako akianza kusema hataki kuishi, halali, hali, usimwambie tu aongeze dhikri. Soma naye dua, ndiyo, halafu siku hiyohiyo mpeleke kwa mshauri wa wanafunzi au hospitali, na ukae naye. Siri zake usizipeleke kwenye grupu hata kwa kificho cha "tumwombee ndugu yetu fulani."

Na walezi wenyewe ni binadamu. Kati ya wale tisa, wawili walilala. Tuligundua kwa sababu tulikutana kila mwezi na kuulizana jina kwa jina, tukawabadilisha bila kuwaaibisha. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ametufundisha kwamba amali inayopendwa zaidi ni ile inayodumishwa, hata ikiwa kidogo. Simu moja kila wiki mbili ni kidogo sana. Kuidumisha ndiyo kazi.

Inabadilisha nini?

Februari mwaka huu kijana mmoja wa mwaka wa kwanza alipata habari ya kufiwa na mama yake saa nne usiku. Saa nne na nusu mlezi wake alikuwa chumbani kwake. Asubuhi nauli ilikuwa imepatikana, nusu kutoka kwetu, nusu kutoka kwa mzee wa familia inayomlea mjini. CR wao, ambaye ni Mkristo, ndiye aliyekwenda na mlezi ofisini kupeleka barua ya testi. Kijana alirudi baada ya siku kumi akafanya testi yake. Bado ana huzuni, na wengine wetu bado hatujui la kumwambia. Lakini yupo darasani.

Nawashukuru wenzetu wa UKWATA, CASFETA na TYCS. Habari ya kuwa na walezi watu wazima wasiohitimu tuliiona kwao kwanza. Na kama wewe si Mwislamu na umesoma hadi hapa, yawezekana chumbani kwako kuna Mwislamu ambaye hujamwona akicheka tangu muhula uanze. Tuambie.

Yule dada alirejea mwaka uliofuata. Yuko nyuma ya wenzake kwa mwaka mzima, na Bodi ya Mikopo ilimsumbua kabla mambo hayajakaa sawa. Tukikutana ananisalimia vizuri. Niliwahi kumwomba radhi, akasema yamepita. Mwaka wake hakuna wa kumrudishia.

Mwaka huu nahitimu. Kaunta buku imeshajaa, tumenunua ya pili, na jina langu limehamia kwenye orodha ya wahitimu wanaopigiwa simu michango ikihitajika. Makabidhiano ni Jumamosi ya pili ya mwezi wa tano, baada ya Alasiri. Wa mwaka wa kwanza na wa pili njooni na kalamu, majina ya kugawana yapo.